Mtu hatuhumiwi kuchelewa: namna ya kulitumia neno "shutumu"

Ukutani juu ya meza yangu, kwenye chumba cha habari cha redio ninayofanyia kazi hapa Dodoma, nimebandika karatasi yenye maneno mawili: SHUTUMU na TUHUMU. Vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo mimi huwauliza siku ya kwanza kabisa, kabla hawajaonyeshwa hata vinasa sauti vinakaa wapi, wanieleze tofauti yake. Wengi hujibu kwamba ni kitu kimoja. Hapo nami huvuta kiti, tukakaa, tukaanza. Leo nimeona niliandike somo lenyewe, maana nimelirudia kwa mdomo miaka mingi, na kosa hili mimi mwenyewe nimewahi kulifanya likamfika mtu mzima mwenye heshima zake.

Kumshutumu mtu ni kumlaumu kwa ukali, kwa maneno mazito, mara nyingi mbele za watu, kwa jambo alilolitenda au alilotakiwa kulitenda asilitende. Asili yake ni Kiarabu, shatama, na huko maana yake ni kutukana. Kiswahili kimelipokea kikalitoa matusi, kikaliachia hasira. Anayeshutumu kwa Kiswahili chetu amekasirika na hafichi, lakini ana hoja mkononi. Ndiyo maana neno hili halimkai mtu aliyeshauri kwa upole.

Kumtuhumu mtu ni jambo jingine. Ni kumdhania, au kumtaja waziwazi, kwamba ametenda kosa ambalo bado halijathibitika.

Kipimo ninachowapa vijana ni swali moja: kinachobishaniwa hapa ni nini? Kama tendo linajulikana, hakuna anayelikana, na watu wanagombana kwa kuwa ni baya, hiyo ni shutuma. Kama wanachogombania ni iwapo tendo lilitokea, au ni nani aliyelitenda, hiyo ni tuhuma. Chukua barabara ya mtaani iliyochimbwa kupitisha bomba la maji, kisha mkandarasi akaondoka bila kufukia. Wakazi wanamshutumu mkandarasi kwa kuacha mashimo. Mashimo yapo, watoto wanayaruka wakienda shule, hakuna wa kuyakana. Mkazi mmoja akinyoosha kidole kwenye kikao hicho hicho akasema mabomba mengine yaliuzwa usiku, huyo sasa anatuhumu. Watu ni wale wale na kikao ni kile kile, lakini mwandishi akiyafunga yote mawili kwa kitenzi kimoja, ama amemwongezea mkandarasi wizi usiojulikana, ama amewapunguzia wakazi haki ya hasira yao.

Sasa niseme nilivyojifunza.

Ilikuwa Agosti, nikiwa bado mgeni kazini. Zabibu Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na haya yalikuwa mavuno ya kiangazi. Nilitumwa kwenye mkutano wa wakulima katika kijiji kimoja cha upande wa Hombolo. Walikaa chini ya mbuyu. Ndoo za zabibu zilikuwa zimepangwa kando, zimefunikwa kwa magunia yaliyolowanishwa, na nyuki walishafika. Ukisogea karibu ulipata ile harufu ya utamu unaoanza kuchachuka. Zabibu ikishakatwa haina subira, na malori yaliyotakiwa kufika Jumatatu yalikuwa hayajaonekana, na siku yenyewe ni Alhamisi.

Wanachama walimsimamisha katibu wa chama chao cha ushirika. Mama mmoja alifunua gunia, akachukua kichala, akakibinya mkononi mbele ya uso wa katibu. Maji meusi yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akasema, "Katibu, tazama. Hii ni ada ya mwanangu inadondoka hapa." Wengine wakapaza sauti, mmoja akasema uongozi umelala, mwingine akasema hawa watu wa ofisini hawajui jua. Katibu alisimama kofia mkononi. Hakukana. Alisema alichelewa kuthibitisha malori, alidhani mwenzake ameshapiga simu, na kosa ni lake.

Nilirudi mjini jioni, nikaandika haraka: "Katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu anatuhumiwa na wanachama wake kufuatia zabibu kuozea mashambani." Nililipenda lile neno anatuhumiwa kwa sababu lilikuwa na sauti ya taarifa ya habari. Mhariri wa zamu hakulishika. Likasomwa saa mbili usiku.

Siku ya tatu katibu alikuja ofisini kwetu. Alikuwa amevaa koti la kikao, ameshika daftari la chama lenye jalada gumu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi kwenye benchi la wageni, akakaa kimya kwa muda. Kisha akanieleza kwamba mke wake aliulizwa kisimani, mbele ya foleni nzima ya ndoo, mumewe amekula shilingi ngapi.

"Mwanangu, mimi nilichelewa," akasema. "Nimelisema mwenyewe mbele ya watu. Mama yule alinibinyia zabibu usoni, na alikuwa na haki. Lakini wewe umetangaza kwamba nimeiba."

Nikamjibu kwamba sikusema ameiba.

"Umesema natuhumiwa. Mtu hatuhumiwi kuchelewa."

Nimesoma fasili nyingi tangu siku ile, na sijaona iliyonyooka kuliko hiyo. Akafungua daftari, akanionyesha ukurasa kwa ukurasa kilo zilizopimwa, majina ya waliolipwa, sahihi zao. Hakuna aliyekuwa amemwomba daftari. Mimi ndiye niliyemfanya alibebe mpaka mjini.

Msikilizaji wetu amelizoea neno tuhuma likiwa pamoja na polisi, TAKUKURU, yaani taasisi ya kupambana na rushwa, na mahakama. Mtuhumiwa ni mtu anayechunguzwa. Akifikishwa kortini anakuwa mshtakiwa. Akipatikana na hatia ndipo tunasema ametiwa hatiani. Kila ngazi ina neno lake, na Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Ukisema mtu anatuhumiwa, umeshamweka kwenye ngazi ya kwanza. Shutuma haina ngazi hizo. Mwisho wake ni mtu kuomba radhi, au kujieleza, au kujiuzulu, au kuendelea na shughuli zake watu wakinung'unika. Kumtoa mtu kwenye shutuma ukampandisha kwenye tuhuma ni kumpeleka mahali ambapo hata waliomkasirikia hawakumpeleka.

Nakiri kwamba wapo Waswahili wengi, tena makini, wanaolitumia shutumu kwa maana zote mbili, na ukifungulia redio za nchi jirani utasikia mtu "anashutumiwa kwa mauaji" wakati kesi haijaanza kusikilizwa. Sisemi hawajui Kiswahili. Nasema lugha imetupa maneno mawili kwa mambo mawili, na kwenye kazi ambayo neno moja linafika nyumba elfu kwa dakika moja, mimi nayaacha yabaki mawili.

Ukishaamua kwamba ni shutuma kweli, lijenge vizuri. Shutumu linapenda kwa: wakulima wamemshutumu katibu kwa kuchelewesha malori, wazazi wameishutumu kamati ya shule kwa kutowasomea mapato na matumizi. Usiandike "wamemshutumu juu ya". Na kuna alama moja ninayoitegemea sana. Ukiona sentensi yako inadai kwamba au kuwa baada ya shutumu, simama hapo hapo. "Wamemshutumu kwamba ameuza kiwanja cha kijiji." Hiyo kwamba inakuambia kuna madai yanafuata, na madai ni ya tuhumu. Mara tisa kati ya kumi nikibadilisha kitenzi sentensi inatulia.

Angalia pia kiambishi cha anayeshutumiwa. Mtu ni -m-, watu ni -wa-, lakini bodi ni -i-, chama ni -ki-, jeshi ni -li-. Vijana huandika "wamewashutumu chama" kwa sababu wanawaza viongozi wa chama. Kama ni viongozi, waandike viongozi. Kama ni chama, basi wamekishutumu. Tofauti hii ina uzito wake, maana viongozi wana majina na familia.

Kitenzi hiki kikitendwa, yaani anashutumiwa, ndipo panapojificha uvivu mwingi. Anashutumiwa na nani? Habari inayosema "Mwenyekiti wa mtaa anashutumiwa vikali" na isimtaje hata mtu mmoja anayemshutumu, mimi huirudisha. Mara nyingi ukimbana mwandishi unakuta aliyesema ni mtu mmoja kwenye kijiwe cha bodaboda, na huyo naye hakusema kwa ukali hivyo. Hilo vikali lenyewe halina kazi, kwa kuwa ukali umeshakaa ndani ya shutumu. Ni sawa na kusema mtu amenong'ona kwa sauti ya chini. Lifute, halafu tumia nafasi iliyobaki kuandika maneno aliyoyasema mtu kwa kinywa chake.

Wameshutumiana lina sharti lake: pande zote mbili ziwe zimesema. Mmoja akisema na mwenzake akanyamaza, hawajashutumiana. Ni hivyo hivyo kwa kurushiana au kutupiana shutuma. Nimeona magomvi yakizaliwa hivi, mtu aliyekuwa ameamua kukaa kimya anasikia redioni kwamba na yeye amerusha, anaona bora arushe kweli.

Jina lenyewe, shutuma, halibadiliki kwa wingi: shutuma hii, shutuma hizi. Tahadhari na kiunganishi za. Nikisema "shutuma za mkurugenzi", ni yeye amezitoa au amezipokea? Kwenye sentensi ndefu msikilizaji hawezi kurudi nyuma kuangalia. Andika "shutuma dhidi ya mkurugenzi" au "shutuma alizozitoa mkurugenzi", yaishe. Na usilikate neno likawa shtumu. Herufi u iliyo kati inasikika, itamke.

Kuna wakati shutumu si neno lako, hata kama jambo ni zito. Hapa Dodoma tunalijua hili kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, Bunge linapokaa kwa ajili ya bajeti, vyumba vya kulala wageni vinajaa na sisi redioni tunalala saa chache. Habari za bungeni zinaingia kwa wingi na kila mwandishi anataka yake iwe na moto. Kijana mmoja aliniletea kichwa cha habari: "Mbunge amshutumu vikali Waziri". Nikamwomba sauti. Nilichosikia ni mbunge aliyesimama kwenye Kamati ya Matumizi na kusema kwamba asipopata maelezo ya kutosha kuhusu kituo cha afya cha jimboni kwake, anakusudia kushika shilingi ya mshahara wa waziri. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. Kushika shilingi ni njia ya kikanuni ya kumtaka waziri afafanue, na mbunge akiridhika na majibu anairudisha shilingi. Hajamshutumu mtu. Tukaandika: "Mbunge adai maelezo ya kituo cha afya, akusudia kushika shilingi." Habari ilikuwa na nguvu zaidi, kwa sababu ilieleza kilichotokea.

Angekuwa amesema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, wizara hii imewadharau wananchi wangu miaka mitatu, wamama wanajifungulia njiani na waziri anatusomea takwimu," hapo shutuma ipo, tungeiandika bila kuogopa. Kulipunguza neno ni kosa sawasawa na kulizidisha. Mama wa zabibu hakukosoa. Alishutumu, na ningeandika kwamba "ametoa maoni" ningekuwa nimemnyang'anya hasira iliyomgharimu kichala cha zabibu na ada ya mtoto.

Kwa hiyo msikilize aliyesema, kisha tafuta kitenzi kilicho karibu naye. Kukosoa kumetoka kwenye kosa, ni kuonyesha palipokosewa, na mtu anaweza kukosoa huku anatabasamu. Kulaumu kuna huzuni ndani yake zaidi ya hasira. Kukemea kunataka mamlaka: mkuu wa mkoa huwakemea watumishi wazembe, mzazi humkemea mtoto, mchungaji hukemea pepo. Mkulima hamkemei waziri, hata angemfokea namna gani, kwa kuwa hana cheo cha kukemea kuelekea juu. Anamshutumu. Hapa ndipo ninapolipenda neno hili. Kati ya maneno yetu ya ukali, shutumu ni mojawapo ya yale yasiyouliza cheo. Mnyonge anaweza kumshutumu mkubwa na sentensi ikasimama wima. Kukaripia nako kunashuka, tena ni ana kwa ana, sauti inasikika. Kulaani ninakuweka kwa ajili ya mauaji na ukatili. Malori yaliyochelewa hayalaaniwi.

Kusuta sikukujua vizuri nilipokuwa nakua kule Mpwapwa. Nilikufahamu kwa wenzetu wa Pwani, ambako mtu aliyesambaza uongo hufuatwa na kuambiwa usoni, mashahidi wapo. Kukashifu ni hatari zaidi, ni kumvunjia mtu heshima, kumfunua. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ina vifungu vinavyohusu kashfa, na hakuna mwandishi anayetaka kuvifahamu kwa kuitwa. Ukiandika kwamba fulani "amemkashifu" mwenzake, umeshahukumu kwamba alichosema kilikuwa cha kuvunja heshima. Je, una uhakika? Kama huna, nukuu maneno yake.

Halafu kuna maneno ya mtaani na ya magazeti. Shabiki huiponda timu, mtu huikandia nguo ya mwenzake, na kwenye kuponda na kukandia hoja si lazima iwepo, inatosha kutokupenda. Magazeti yana amvaa, amjia juu, acharuka, amtolea uvivu. Ni maneno hai na ninayafurahia nikiyasoma kwenye kibanda cha magazeti asubuhi, lakini kwenye taarifa ya habari siyaweki, kwa sababu moja: yanaeleza msemaji alivyokuwa na kuacha alichosema. Amvaa kwa lipi? Kwa shutumu, ile kwa inakulazimisha ujibu.

Wanaoandika kwenye makundi ya simu ya mtaa au ya wazazi wananiuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu zaidi. Redio ina mhariri wa zamu, kundi la simu halina. Ukitaka kumshutumu mweka hazina kwa kutotoa taarifa ya michango, andika hivyo: "Namshutumu mweka hazina kwa kutotusomea taarifa tangu Januari." Ni kali, ni kweli, na ana la kujibu. Ukiongeza "sijui hela anapeleka wapi", umevuka mto. Sentensi hiyo ya pili ni tuhuma iliyovaa nguo ya swali, na ndiyo itakayosambazwa kwenye makundi mengine, ya kwanza ikisahaulika.

Ukikosea, sahihisha kwa kulitaja neno lenyewe. Usizunguke. Siku ile na yule mzee, mhariri wangu alikaa nami tukaandika masahihisho akiwa bado kwenye benchi. Rasimu yangu ya kwanza, kwa aibu niliyokuwa nayo, ilisema tu kwamba katibu hana tuhuma yoyote na kwamba anaheshimika na wanachama wake. Nikamsomea. Akatikisa kichwa.

"Kuchelewa kwangu umekutoa," akasema. "Kurudishe. Yule mama akisikia umekutoa atasema nimekununua."

Tukaandika upya, na ikasomwa siku tatu mfululizo, saa ile ile ya mbili usiku: "Katika taarifa yetu tulisema katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu anatuhumiwa na wanachama. Neno hilo halikuwa sahihi. Wanachama walimshutumu kwa kuchelewesha malori, jambo ambalo alilikiri mkutanoni. Hakuna tuhuma yoyote ya fedha dhidi yake. Tunamwomba radhi yeye na familia yake."